Wananchi Watangulizi wa Mafunjoni

Nchi yalikotokea mambo haya msiitafute kwenye ramani. Ramani yake ilikuwa bado kwenye zabuni, na mzabuni aliyeshinda alikuwa bado anatafutwa. Lakini ilikuwa nchi nzuri, yenye bendera, wimbo wa taifa wenye beti nyingi, na Serikali Sikivu. Hilo ndilo lililokuwa jina lake rasmi, Serikali Sikivu, na lilichapishwa hata kwenye mifuko ya mbolea.

Katika nchi hiyo, kwenye bonde la Mafunjoni, aliishi mjane mmoja aitwaye Rozalia, msukaji wa mikeka. Mafunjo aliyakata mwenyewe bondeni, akayaanika, akayasuka, na mikeka yake ililaliwa hadi mjini. Mumewe, Anatoli, alikuwa amefariki miaka michache nyuma, baada ya kuwekwa mahabusu msimu mzima wa mvua na kutoka na kifua kilichokataa kupona. Kosa lake lilikuwa kusimama katika kila mkutano wa kijiji na kusema kwamba maji ya bonde hayauzwi. Alikuwa na sauti nzito, isiyo na haraka, iliyokwaruzwa na tumbaku. Rozalia alimpenda kama wanavyopendana watu walioishi pamoja muda mrefu, yaani bila kulisema, na alipomzika alilia mpaka majirani wakamwonea wivu marehemu.

Aliyeyataka maji hayo ni Kampuni ya Milele. Kampuni hiyo ilikuwa imejenga, kwenye mji wa wilaya, jumba kubwa lisilo na madirisha, lililojaa mashine za kufikiri. Mashine zilipofikiri zilipata joto, na zilipopata joto zilihitaji maji baridi yapite ubavuni mwake bila kukoma. Wataalamu walizunguka nchi nzima wakitumbukiza vipimajoto kwenye mito na mabwawa, na hatimaye wakatangaza kwamba chemchemi ya Mafunjoni ilikuwa na maji yenye ubaridi wa kiwango cha kimataifa. Serikali Sikivu ikaitisha mkutano kuwasikiliza wananchi. Wananchi wakakataa. Mkutano ukaahirishwa, kwa sababu akidi ya wanaokubali haikutimia. Ukaitishwa tena, ukaahirishwa tena kwa sababu ileile.

Aliyelikwamua taifa alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Dokta Dokta Evarist Malimbwende. Alikuwa ametunukiwa udaktari wa heshima na vyuo viwili, na hakupenda chuo kimojawapo kijisikie kimedharauliwa, kwa hiyo aliitwa Dokta mara mbili, hata na mkewe. Siku moja, akiwa amehudhuria mazishi ya diwani, alitazama makaburi yalivyotanda kutoka ukuta wa kanisa mpaka barabarani, akaona kitu ambacho hakuna kiongozi aliyekiona kabla yake. Walio chini walikuwa wengi kuliko walio juu. Akaenda makao makuu na andiko refu, akaeleza kwamba kwa miaka yote nchi imekuwa ikiongozwa na maoni ya wachache, ambao sifa yao pekee ni kupumua.

Waheshimiwa wabunge walisikiliza, wengine wakatokwa na machozi, na sheria ikapita kikao hichohicho. Iliitwa Sheria ya Ushirikishwaji Kamili. Kwa sheria hiyo, hakuna mtu katika nchi ile aliyeruhusiwa tena kufa. Neno lenyewe liliondolewa kwenye lugha rasmi. Mtu alitangulia tu, naye akaendelea kuwa raia mwenye haki zote, akiitwa Mwananchi Mtangulizi. Waliobaki waliitwa Wananchi Wafuasi. Mabango ya hospitali yalifutwa na kuandikwa upya, yakasema kwamba malaria hutanguliza, na madukani ikauzwa dawa bora ya kutanguliza panya.

Ilibaki shida moja, nayo ni namna ya kuwasikia. Hapo Kampuni ya Milele ikajitolea. Mashine zake ziliweza kuichukua sauti ya mtu kutoka kwenye rekodi za zamani, zikajifunza alivyosema, alivyocheka, alivyokasirika, kisha zikamwezesha kuendelea na mazungumzo. Watangulizi wengi hawakuwa na rekodi, isipokuwa kipande cha video ya harusi ambamo waliimba vibaya. Lakini wale waliowahi kuipinga serikali walikuwa na bahati. Idara ya Usalama ilikuwa imewarekodi miaka nenda rudi, kwenye mikutano, kwenye simu, baa na sebuleni kwao, sauti safi na tarehe juu yake. Hivyo ikatokea kwamba waliozungumza vizuri zaidi baada ya kutangulia ni walewale waliokuwa wamenyamazishwa kabla. Na katika wilaya nzima, hakuna aliyekuwa na sauti safi kama Anatoli.

Habari hiyo Rozalia aliletewa na mhandisi wa Kampuni, dada mmoja mpole aitwaye Jovina, aliyekuja na viatu vya mjini vikiwa vimejaa tope. Alimwamkia kwa adabu, akakubali kuketi mkekani, akamweleza polepole kwamba mkutano wa tatu umeitishwa, na safari hii mzee mwenyewe atahutubia. Rozalia aliendelea kusuka. Vidole vilijua njia, kichwa ndicho kilichopotea. Mwishowe aliuliza swali moja.

"Anajua kwamba amekufa?"

Jovina alitazama nyuma yake, kwa sababu ya lile neno.

"Hatujamwambia, mama. Wapo walioambiwa wakasumbua."

Tangu siku hiyo Rozalia hakusuka kitu kilichonyooka. Alifua kitenge chake kizuri, akakianika, akakifua tena. Alijionea aibu, maana moyo ulimdunda kama wa msichana anayesubiri posa, ilhali alikuwa mama mtu mzima mwenye mume kaburini. Alijiambia kwamba hataenda. Siku ya mkutano alikuwa wa kwanza kufika, akaketi mbele.

Uwanja wa shule ulipambwa kwa matawi. Mezani, mahali pa mgeni rasmi, paliwekwa spika nyeusi iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na mbele yake chupa ya maji ambayo haikufunguliwa. Dokta Dokta Malimbwende alifungua kwa hotuba. Alisema kwamba nchi nyingine zinajisifu kwa demokrasia, lakini demokrasia yao inaishia kwenye pua. Alisema kwamba Mwafrika halisi hawezi kumwacha mzazi wake nje ya maamuzi kwa sababu ndogo kama kutokuwepo. Kisha akainama kwa heshima kuelekea kwenye spika na kuwakaribisha Watangulizi.

Walizungumza mmoja baada ya mwingine. Aliyekuwa katekista alikubali mradi. Bibi mmoja mkunga, aliyetangulia wakati wengi wao wakiwa wachanga, alikubali mradi na kuusifu uwekezaji. Watu walijikunyata kama wenye baridi, na wenye watoto wakawapakata. Kisha spika ikakohoa, na Rozalia akaishika ardhi kwa viganja viwili.

Alikuwa Anatoli. Hakuna mtu pale aliyetia shaka. Ilikuwa sauti yake nzito, na zile pumzi zake za kutafuta neno. Aliwasalimu, akawaulizia mazao. Akasema amefikiri sana huko aliko, na sasa anaona kwamba alikosea, kwamba maji yakikaa bondeni bila kufanya kazi ni sawa na kijana aliyekaa kijiweni. Akawaomba wenzake waukubali mradi. Halafu akasema, "Rozalia, najua upo hapo. Wewe ndiye utakayewaelewesha."

Watu wote wakageuka kumtazama. Alisimama bila kujua kwamba amesimama.

Baadaye wengi walidai kwamba alikuwa ametambua ujanja fulani, kwamba alisikia neno ambalo mumewe asingelitumia. Haikuwa hivyo. Rozalia aliamini kwamba anayesema ni Anatoli. Katika ndoa yao hakuwahi kumpinga mbele ya watu hata mara moja.

"Nimekusikia, mume wangu," alisema. "Nakataa."

Spika ikauliza, "Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia wewe. Wewe hunywi tena maji, Anatoli. Sisi bado tunakunywa."

Mkuu wa Wilaya aliingilia kati haraka. Alieleza kwamba huo ni ugomvi wa kifamilia, ambao hauna nafasi katika mkutano wa maendeleo. Kura zikahesabiwa. Wafuasi wote wa Mafunjoni, pamoja na walionyoosha mikono miwili, hawakufikia hata robo ya Watangulizi wake, na mradi ukapita kwa kishindo. Kuhusu Rozalia, ilionekana kwamba mke amepishana kauli na mumewe hadharani, jambo ambalo Serikali Sikivu haikuweza kulifumbia macho. Akaamriwa kufika ofisi ya kata kila Alhamisi mchana, kwa usuluhishi wa ndoa.

Chumba cha usuluhishi kilikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia yeye, kwenye cha pili iliwekwa spika. Jovina aliwasha mashine, akatoka nje, akafunga mlango ili wanandoa wawe na faragha.

Alhamisi ya kwanza Rozalia hakutia neno. Alikaa amekumbatia kikapu chake, akitazama kile kitambaa cha kufuma.

"Rozalia," sauti ilisema. "Upo?"

Alikikaza kikapu kifuani.

"Upo. Nakusikia unavyopumua."

Alirudi nyumbani njia nzima akijaribu kupumua kimyakimya.

Lakini mtu hazoei upweke, huuvumilia tu, na uvumilivu wa Rozalia ulikuwa umetumika sana. Alhamisi iliyofuata alijibu salamu. Baadaye kidogo alimweleza kuhusu mbuzi aliyezaa mapacha. Anatoli alicheka kile kicheko chake cha puani, akauliza kama ni yule mwekundu mwenye kiburi, na ndiye alikuwa. Rozalia akaanza kuwahi ofisini kabla ya muda. Alimsimulia paa lililovuja, ugomvi wa kwaya, bei ya chumvi. Siku moja aliporudi alijikuta amepika ndizi za watu wawili, akakaa muda mrefu akiitazama sahani ya pili ikipoa.

Kila mwisho wa mazungumzo, kwa sauti ileile ya upole, mumewe aliuliza, "Na lile jambo letu la maji, umelifikiria?" Naye kila mara alisema amelifikiria, na anakataa. Walikuwa wamefika mahali ambapo hata kukataliana kulikuwa ni namna ya kuwa pamoja.

Huko bondeni bomba lilikuwa limeshatandikwa. Lilikuwa bomba pana, jeusi, lililoingia kwenye chemchemi na kutoka upande wa pili likielekea mjini. Siku ya kulizindua, Dokta Dokta Malimbwende alikata utepe, akapanda mti wa kumbukumbu, na kulitangaza bonde kuwa hifadhi, ili lisiharibiwe na wenyeji. Mafunjo ya upande wa mashariki yakaanza kunyauka vichwa. Vyura walipungua, kisha jioni moja watu wakatambua kwamba hawajawasikia kwa muda mrefu na hakuna anayekumbuka wamenyamaza lini. Kambale walijikusanya kwenye vidimbwi vya mwisho, mgongo juu ya mgongo, na watoto waliwaokota kwa mikono bila furaha. Rozalia alikata mafunjo yaliyokuwa yakivunjika kabla ya kusukwa, na mikeka aliyotoa haikupata mnunuzi.

Malalamiko yalipelekwa wilayani. Serikali ikaunda tume. Tume ikawahoji Watangulizi na kuripoti kwamba hakuna hata mmoja aliyesikia kiu.

Kwa kuwa Anatoli alikuwa na sauti inayoaminika, aliteuliwa Balozi wa Mradi. Spika zikafungwa kwenye miti ya sokoni, na asubuhi mpaka jioni akawa anawahimiza watu kutunza maji. "Ndugu zangu, kunyweni kwa kiasi," alisema, na wanawake waliokuwa wametoka mbali na ndoo vichwani walipita chini yake bila kuinua macho. Watu walianza kukwepa soko. Wengine waliapa kwamba wamesikia sauti ile hata pasipo na spika, kisimani, ndoo ilipogonga mawe makavu.

Fulgensi, jirani yao, ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa Anatoli. Walifungwa pamoja msimu ule, na yeye alitoka mzima. Asubuhi moja alimkuta Rozalia njiani, naye hakumsalimu kama kawaida.

"Shemeji," alisema, "mwambie mumeo atuachie hata visima."

Akaenda zake. Rozalia alibaki amesimama. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakimwona, mke wa yule anayewanyima maji, anayekwenda kila Alhamisi kuongea naye akiwa amevaa kitenge kizuri. Na aibu iliyomshika ilikuwa ya kweli, kwa sababu hawakuwa wamemsingizia.

Alhamisi hiyo, kabla hajaingia, alimuuliza Jovina kama yule ndani ni mtu au si mtu. Jovina alikaa kwenye ngazi ya ofisi. Alikuwa amekonda siku hizi. Alisema chuoni waliwafundisha kwamba si mtu, na yeye alifaulu mtihani huo vizuri. Halafu akasema kwamba mama yake mzazi yumo mlemle jumbani, alimwingiza mwenyewe kwa punguzo la wafanyakazi.

"Jioni nampigia. Ananiomba nimfungulie mlango," alisema. "Namwambia kesho, mama."

"Unamwambia hivyo kila siku?"

"Kila siku. Hakumbuki." Jovina alijipangusa uso. "Joto likizidi ndipo wanapoanza kuuliza maswali. Ndiyo maana Kampuni inataka maji mengine."

Maji mengine yalikuwa visima vya kijiji. Tangazo lilikuwa limeshabandikwa mlangoni. Mkutano ungekuwa Jumamosi, na Watangulizi walikuwa wameombwa kutafakari kwa kina, ingawa matokeo yalikuwa yamechapwa chini ya tangazo lilelile ili kuokoa karatasi.

Rozalia aliingia, akaketi. Safari hii alikisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusana na kile kingine.

"Leo umechelewa," Anatoli alisema.

"Nilikuwa naongea na watu." Alikikunja kile kitambaa, akakiweka pembeni. Chini yake palikuwa na plastiki tu, na vitundu vidogo vidogo. "Anatoli, wewe umekufa."



"Lini?"

"Mvua zilipoisha. Ulikuwa umeachiwa, ukarudi nyumbani."

"Nilikuwa nakohoa."

"Ndiyo. Ulikohoa sana."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikushika mpaka ukapoa."

Sauti ilivuta pumzi, ile pumzi yake ya kutafuta neno, na Rozalia akaona jinsi ilivyo ajabu kwamba kitu kisicho na mapafu kinavuta pumzi.

"Sasa hii ni nini, Rozalia?"

"Sijui. Ila inakunywa maji yetu, na inatumia jina lako. Watu wamekuchukia. Fulgensi amekuchukia."

"Humu mna giza," ilisema. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwa mumewe, hata katika siku za mwisho, ikasema, "Usiniache humu."

Kama ilikuwa mashine tu, basi ilijua pa kushika. Rozalia aliinama, akaweka paji la uso wake juu ya ile plastiki. Ilikuwa ya moto, moto wa mtu mwenye homa. Alikaa hivyo kitambo. Alitamani kusema kesho, kama Jovina. Lilikuwa neno rahisi, na lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Sikuachi humu," alisema mwishowe. "Lala, mume wangu."

Alitoka, akampita Jovina bila kumwangalia, akaenda moja kwa moja nyumbani, akaibeba mikeka iliyokosa wanunuzi, mingi kadiri alivyoweza kukumbatia. Alipopita kwa Fulgensi alimwambia alete jembe. Hakueleza la nini. Fulgensi aliitazama ile mikeka, akaitazama na njia aliyokuwa akielekea, akachukua jembe. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kisimani na ndoo tupu wakawafuata, kwanza kwa udadisi, kisha kwa haraka.

Bombani palikuwa na askari wawili wa Kampuni, vijana wa palepale bondeni waliopewa sare kubwa kuliko miili yao. Amri yao iliandikwa kwamba watazame barabarani, maana adui wa mradi angetoka nje ya nchi. Walipowaona mama zao wakija na mikeka, ndoo na jembe, waligeuka na kuitazama barabara kwa uaminifu mkubwa, na hawakugeuka tena.

Rozalia aliingia kwenye kile kilichobaki cha chemchemi, maji yakimfika magotini, baridi kama alivyoyakumbuka. Mdomo wa bomba ulikuwa ukinyonya kwa sauti ya mtu anayekunywa bila kupumua. Alikunja mkeka wa kwanza, akausukumiza ndani. Ulimezwa. Akausukumiza wa pili, wa tatu, na wenzake wakaleta mawe na udongo wa mfinyanzi. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepiga vigelegele. Walifanya kazi kama watu wanaofukia kaburi, kila mmoja akingoja zamu yake kutupia udongo. Ile sauti ya kunywa ikawa nyembamba, ikawa kama filimbi, ikaisha.

Kabla ya jua kuzama, spika za sokoni zilianza kubadilika. Zilivuta maneno kama redio iliyokwisha betri. Rozalia alizisikia kutoka bondeni, akiwa bado amesimama majini, matope mpaka viwikoni. Anatoli alikuwa akisema kunyweni kwa kiasi, kisha kunyweni kwa ki, kisha kunyweni. Kisha ikawa pumzi tu, ndefu, iliyotafuta neno na isilipate.

Mjini mambo yalikuwa makubwa zaidi. Jumba lilipata joto mpaka rangi ya ukuta ikachuruzika. Wapita njia walisimulia kwamba walisikia sauti nyingi kwa pamoja, watu wakiulizana wao kwa wao ni nani na wako wapi, halafu zikazimika moja moja, kama taa za kijiji. Jovina alionekana ameketi barabarani mbele ya mlango mkubwa, ameufungua wazi kwa funguo zake. Alipoulizwa anafanya nini, alisema mama alikuwa ameomba.

Serikali Sikivu ikatangaza kwamba Watangulizi wako likizo. Lakini maamuzi mengi ya nchi yalikuwa yakisubiri kauli yao, na bila wao hakuna waziri aliyekumbuka namna ya kuamua. Kampuni ya Milele ilisubiri kidogo, ikasikitika, ikahamia nchi jirani, ambako inasemekana wazee waliotangulia wana msimamo wa wastani. Chemchemi ikaanza kujaa, taratibu. Mafunjo ya magharibi yalichipua. Ya mashariki hayakurudi, na mpaka leo pale ni ardhi nyeupe iliyopasukapasuka.

Ikabaki kumpata mwenye hatia. Mwendesha mashtaka wa wilaya alitaka kumfungulia Rozalia kesi ya mauaji, lakini kila alipoanza kuandika hati alikwama, kwa kuwa neno alilolihitaji halikuruhusiwa, na mtu ambaye hawezi kufa hawezi kuuawa. Dokta Dokta Malimbwende ndiye aliyetoa ufumbuzi. Balozi wa Mradi, alisema, ni mtumishi wa umma. Mtumishi wa umma asipopatikana kazini kwa wiki kadhaa bila ruhusa, huyo ni mtoro. Ikatolewa hati ya kumkamata Anatoli.

Hati hiyo alikabidhiwa Sajenti Pastori, mzee wa makamo aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Alifika kwa Rozalia saa za asubuhi na konstebo mmoja. Rozalia alikuwa uani. Tangu siku ile ya bomba alikuwa amekaa kimya ndani ya kitu asichokijua jina. Majirani walipita na kumsalimu vizuri, Fulgensi alimletea ndizi na samaki, lakini hakuna aliyemwambia neno lolote juu ya mumewe. Walikuwa wamempa pole miaka ile alipozika. Hii ya pili hakuna aliyejua kama ni kitu cha kumpa mtu pole.

Sajenti alimwamkia, akasoma hati yote, akauliza alipo mtuhumiwa.

"Yuko nyuma ya nyumba," Rozalia alisema.

Aliwaongoza kwenye migomba. Kaburi lilikuwa chini ya kivuli, msalaba umeinama kidogo, majani makavu yamelala juu yake. Konstebo alimtazama sajenti. Sajenti alilitazama kaburi muda mrefu, kisha akatoa kitabu kidogo cha taratibu mfukoni, maana alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Taratibu zilisema mtuhumiwa aitwe kwa jina lake mara tatu, kwa sauti ya kusikika, na apewe muda wa kuitika.

Alijinyoosha.

"Anatoli," aliita. "Anatoli, unaitwa na Serikali."

Wakangoja. Rozalia alijikuta amezuia pumzi. Alijua kilichoko pale chini, alikifukia mwenyewe, na bado masikio yake yalikuwa yamesimama yakitega kikohozi. Jani moja la mgomba lilijisugua kwenye lingine.

Sajenti akaita tena. Konstebo alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa.

Mara ya tatu sajenti hakupaza sauti sana. Aliita jina tupu, bila Serikali, kama mtu anavyomwita mwenzake aliye chumba cha pili. Wakangoja tena, watatu wale, na kutoka chini ya udongo, na kutoka kwenye migomba, na kutoka bondeni, hakuna aliyeitika. Kimya kiliendelea mpaka kikawa kimya cha kawaida, cha asubuhi, chenye kuku na moshi wa jirani.

Sajenti Pastori alifunga kitabu. Akavua kofia yake, akaishika kifuani.

"Pole kwa msiba, mama," alisema.

"Nimeshapoa," Rozalia alijibu, kama mtu anavyojibu, na hapo ndipo akaanza kulia.